Seroney: Neno la Bungeni na Neno la Mkutanoni

Yako mambo mawili ambayo wanafunzi wetu wa Bonde la Ufa hufundishwa mbalimbali, ilhali yangestahili kufundishwa pamoja. La kwanza ni Azimio la Nandi Hills la Julai 1969. La pili ni uamuzi uliotolewa katika kiti cha Spika wa Bunge mnamo Oktoba 9, 1975. Yote mawili yanafungamana na jina la mtu mmoja, marehemu Jean-Marie Seroney. Wanaompenda hulitaja la pili na kulinyamazia la kwanza. Wanaomchukia hufanya kinyume chake. Mimi, niliyepewa kazi ya kufundisha isimu katika sehemu hizi za Nakuru, naona kwamba kumgawa hivyo ni kulikosa funzo lenyewe.

Seroney alizaliwa huko Nandi katika miaka ya 1920. Alisoma Alliance, akaenda Makerere, kisha akavuka bahari hadi Allahabad nchini India, na baadaye Uingereza alikosomea sheria. Wakati huo Waafrika waliokuwa na shahada walikuwa wachache, na mawakili walikuwa wachache zaidi. Mwaka 1961 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa tiketi ya KADU, chama kilichopigania serikali za majimbo ili makabila madogo yasimezwe na makubwa.

Msomaji kijana huenda hajui jinsi majimbo hayo yalivyokuwa. Katiba ya 1963 iliipa Kenya mabaraza mawili: Bunge la Wawakilishi, alimoketi Seroney, na Seneti yenye wanachama 41, iliyokusudiwa kuyalinda majimbo. Nakuru ulikuwa ndio makao ya Jimbo la Bonde la Ufa. Mpango huo haukudumu. KADU ilijivunja Novemba 1964 na wabunge wake wakajiunga na KANU. Mwishoni mwa 1966 Seneti nayo ikafutwa, na wanachama wake wakaunganishwa na wenzao kuwa Bunge moja. Tangu hapo hadi 2013, nchi hii haikuwa na baraza la pili la kuyapima yaliyopitishwa na la kwanza. Kazi hiyo ya kupima ikawaangukia wabunge wachache waliokaa viti vya nyuma, mmoja wao akiwa Seroney, mbunge wa Nandi na baadaye Tinderet.

Kazi yenyewe haikuwa ya vishindo. Mwenye subira ya kuzisoma kumbukumbu rasmi za Bunge, yaani Hansadi, ataona kwamba sehemu kubwa ya maisha ya mbunge ni maswali, majibu, hoja za nidhamu na mabishano juu ya kifungu hiki au kile. Mtu husema jambo. Mwingine husimama na kumtaka athibitishe. Mwenye kiti huamua. Kanuni hiyo ya kudai ushahidi ndiyo moyo wa Bunge. Kwayo, neno halipiti bure.

Sasa tulitazame lile la 1969. Mashamba yaliyoachwa na walowezi yalikuwa yakinunuliwa na kugawanywa kote katika Bonde la Ufa, na wenyeji wengi waliona kwamba ardhi waliyonyang'anywa na Mzungu inapita mbele ya macho yao kwenda kwa wengine. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Lakini Azimio lililotolewa Nandi Hills, Seroney akiwa kinara wake, halikuishia katika malalamiko. Lilidai ardhi yote ya Nandi iwe ya Wanandi, na likawataka wasiokuwa Wanandi waliokuwa katika mashamba ya makazi waondoke. Seroney alishtakiwa mahakamani kwa uchochezi.

Tazama tofauti ya mahali. Katika mkutano wa hadhara hakuna hoja ya nidhamu. Hakuna anayesimama kuuliza: huyu mkulima aliyelipa fedha zake, na mtoto wake aliyezaliwa hapa, wataondoka waende wapi? Wanaotajwa hawapo kujibu, na waliopo wamekwisha kukubali. Neno la namna hiyo halipimwi. Husafiri kama lilivyo, na msemaji hana tena uwezo wa kulirudisha. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Miaka mitano baadaye, tunamkuta Seroney mwingine, au tuseme yule yule akiwa mahali pengine. Julai 1974 Rais Kenyatta aliagiza kwamba mijadala ya Bunge iendeshwe kwa Kiswahili, na baada ya uchaguzi wa mwaka huo wabunge wa viti vya nyuma walimtaka Seroney awe Naibu wa Spika. Serikali haikumtaka. Mnamo Novemba Rais aliahirisha vikao vya Bunge badala ya kuuacha uchaguzi huo ufanyike. Waliporejea Februari 1975, wabunge hawakubadili nia, na Seroney akakalia kiti.

Ulikuwa mwaka mgumu. Mwezi Machi aliuawa J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, ambaye watu wa Gilgil walimjua kama jirani. Bunge liliunda kamati ya kuchunguza mauaji hayo, na mwezi Juni likaipokea ripoti yake kinyume cha matakwa ya wakubwa. Katika hali hiyo ndipo, Oktoba 9, Martin Shikuku aliposema kwamba kuna watu wanaojaribu kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Clement Lubembe, aliyekuwa seneta wa Nairobi katika Seneti ile iliyofutwa na wakati huo Waziri Msaidizi, alisimama kumtaka athibitishe. Seroney, akiwa kitini, aliamua kwamba jambo lililo wazi kwa wote halihitaji kuthibitishwa.

Kwa mwanaisimu, uamuzi huo una uzito wa pekee. Kila mazungumzo hutegemea mambo ambayo wazungumzaji wanayajua pamoja, na asiyekubali kwamba yanajulikana huweza kuyapinga. Lubembe alikuwa na haki ya kudai ushahidi. Waliouona uamuzi ni mbovu nao walikuwa na njia za kuupinga ndani ya Bunge lenyewe, kwa kanuni zake. Hawakuitumia hata moja. Oktoba 15 polisi waliwakamata Seroney na Shikuku katika majengo ya Bunge, wakawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Walikaa huko hadi Desemba 1978, miezi michache baada ya kifo cha Mzee Kenyatta. Hivyo ndivyo serikali ilivyouthibitisha usemi wa Shikuku kuliko yeye mwenyewe angaliweza.

Seroney alishindwa katika uchaguzi wa 1979, akafariki mapema katika miaka ya 1980. Hakuiona Oktoba 1991, wakati mapigano ya kikabila yalipoanza katika shamba la Meteitei, Tinderet, katika eneo lake la uwakilishi wa zamani, kisha yakaenea hadi Molo na Olenguruone. Wala hakuiona Nakuru ya Januari 2008. Sisemi kwamba yeye ndiye aliyeyaleta. Wako waliokuwa hai waliopaswa kujibu. Nasema tu kwamba dai la 1969, kwamba jirani ni mgeni anayepaswa kuondoka, lilikuwa limebaki likizunguka bila kujibiwa.

Tangu 2013 tunayo tena Seneti, na Nakuru na Nandi kila moja ina seneta wake. Nawasihi walimu wenzangu wa Kiswahili, historia na uraia wawawekee wanafunzi matini hizi mbili mezani pamoja. Waulizwe swali moja kwa kila matini: ni nani aliyekuwa na nafasi ya kujibu? Kisha wampime kwa swali hilo kila mheshimiwa anayekuja kuhutubia huku kwetu mwisho wa juma. Analolisema uwanjani Molo, je, yuko tayari kulirudia Jumanne katika Seneti, mbele ya wale anaowataja?