Fumo Liyongo, mpiga mshale aliyeogopwa hata alipokwisha kufa

Kutoka Magogoni, pale panapovukia pantoni kwenda Kigamboni, ukiifuata pwani kuelekea kaskazini utapita Bagamoyo, Tanga, Mombasa na Malindi, kisha utafika mto Tana unapoingia baharini. Huko, na katika visiwa vya Lamu na Pate vilivyo mbele kidogo, ndiko alikoishi Fumo Liyongo. Msikilizaji uliyesoma fasihi shuleni unalijua jina hili, na huenda unakumbuka zaidi ile sindano. Leo tumtazame kwa upinde wake.

Wataalamu hawakubaliani aliishi karne gani. Masimulizi yake yalichapishwa mwaka 1870 na Edward Steere, mmisionari aliyeyapata Unguja. Utenzi unaojulikana zaidi uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na mwaka 1973 ukatolewa kitabu hapa Dar es Salaam na taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu. Tunayosimulia hapa yanafuata zaidi utenzi huo.

Liyongo alikuwa mrefu na mwenye nguvu za kutisha. Wagala walipofika Pate na kusikia sifa zake, walitaka kumwona. Akaja kutoka Shaka, mwendo wa siku nne kwa mtu wa kawaida, naye akaumaliza kwa siku moja. Alipotua mkoba wake, ndani mlitoka kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga. Wagala wakampa binti yao amwoe, akazaa naye mtoto wa kiume. Lakini Sultani wa Pate aliingiwa na hofu ya kunyang'anywa kiti, akaanza kutafuta njia ya kumuua.

Liyongo akahamia bara, akaishi msituni na Wasanye na Wadahalo, wawindaji hodari wa upinde. Sultani akawatuma hao hao. Wakapanga kikoa cha kula makoma: kila siku mmoja apande mkoma na kuwaangushia wenzake matunda. Zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu mikono imeshika mti, wote wamchome mishale. Zamu ikafika. Liyongo akachagua mkoma mrefu kuliko yote, akabaki chini, akatoa mishale yake na kuyaangua makoma mpaka wote wakatosheka. Wawindaji wale wakajua kazi ya Sultani imewashinda.

Tukio hili mimi huliona kubwa kuliko lile la mkoba. Kubahatisha tunda moja hata mtoto anaweza. Kupiga tena na tena ndiko kugumu, na anayewinda kwa upinde, kama Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanavyofanya hadi leo, anajua shida hiyo: mshale wa kwanza unaingia, wa pili unakwenda kushoto, wa tatu unapita juu. Mara nyingi jicho halina kosa. Mishale yenyewe haifanani, mmoja mzito, mwingine umepinda kidogo. Ndiyo maana Wahadzabe huinyoosha kwa moto na meno. Au mkono wa kushoto umeukaba upinde, ukausokota bila mwenyewe kujua. Au leo kamba imevutwa mpaka shavuni, kesho mpaka sikioni. Ukitaka kujua kosa liko wapi, piga mshale ule ule mmoja mara kadhaa kutoka pale pale. Ukipiga sehemu moja, tafuta ubaya katika mishale mingine. Ukitawanyika, jitazame mikono.

Hata upinde wa kisasa wenye magurudumu, ambao Mmarekani Holless Wilbur Allen alipewa hati ya ugunduzi wake mwaka 1969, haukuondoa jambo hilo. Umeongeza moja tu: magurudumu mawili yasipozunguka kwa pamoja, mshale hauna uhakika.

Turudi Pate. Liyongo alikamatwa, akafungwa kwa minyororo akingoja kuuawa. Mama yake, Mbwasho, alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wakikila kizuri chote. Mama akaoka mkate wa wishwa, ndani akaficha tupa. Walinzi wakaudharau, wakampa mfungwa. Liyongo akaomba kabla ya kufa achezewe ngoma ya gungu. Matari na vigoma vikirindima nje, yeye akakata minyororo, akatoka, watu wakatawanyika.

Sultani akaona nguvu hazifai, akamwendea mwana. Alimwahidi kumwoza binti yake. Kijana akamdadisi baba yake mpaka akajua kuwa ni sindano ya shaba tu, ikichomwa kitovuni, ndiyo ingemuua. Usiku mmoja akamchoma usingizini.

Liyongo aliamka na maumivu, akachukua upinde, akaenda karibu na kisima, akapiga goti, akapachika mshale na kuvuta. Akafa hivyo hivyo. Mji mzima ukakosa maji kwa siku kadhaa, maana hakuna aliyethubutu kusogea mbele ya mshale ule. Walimwita mama yake aje kumbembeleza apishe watu, naye akambembeleza maiti bila kujua. Mwishowe mwili ukaanguka, wakaiona sindano. Kijana hakuozwa, alipata maradhi, akafa.

Upande wa Kipini, karibu na mdomo wa Tana, wenyeji wameonyesha wageni kaburi wanalosema ni lake.