Imam Ghazali: Mwalimu Aliyeutafuta Moyo Wake

Hebu jiulize kabla hatujaanza: jana kwenye taraweh, imamu alisoma sura gani? Kama hukumbuki usione haya, tuko wengi. Mwili ulikuwa kwenye safu, moyo ulikuwa kwenye simu iliyotikisika mfukoni. Katika mwezi huu mtukufu nataka tumjue mtu aliyeyaona maradhi haya ndani ya nafsi yake mwenyewe, akayatafutia dawa.

Naye ni Imam Abu Hamid Al-Ghazali. Alizaliwa mwaka 1058 (450 Hijria) katika mji wa Tus, Khurasan, sehemu ambayo leo iko Iran. Alikuwa wa madhehebu ya Imam Shafi, haya haya tunayoyafuata wengi wetu hapa Pwani.

Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana akirudi kutoka masomoni, wanyang'anyi waliuvamia msafara wao, wakabeba hata mfuko wa daftari zake. Akawafuata kuwasihi wamrudishie. Mkubwa wao akamcheka: vipi mtu adai ana elimu, na akinyang'anywa mfuko hana elimu tena? Daftari alirudishiwa, lakini neno lile lilimchoma. Akakaa miaka mitatu akihifadhi yote kwa moyo.

Baadaye akasoma Nishapur kwa Imam Al-Juwayni, na mwaka 1091 Waziri Nizam al-Mulk akamteua kufundisha katika madrasa ya Nidhamiya, Baghdad. Umri wake ulikuwa kama miaka 33 tu! Wanafunzi kiasi cha 300 walikaa mbele yake, na wakubwa wa dola walimheshimu. Nani kati yetu asingetaka cheo kile?

Lakini alipoikagua nia yake, aliona kwamba hafundishi kwa ajili ya Allah. Anafundisha kwa ajili ya jina. Fikiria, ndugu yangu: ulimi unasema dini na moyo unasubiri sifa. Mwaka 1095, kwa karibu miezi sita, alivutana na nafsi yake. Leo anaazimia kuondoka, kesho anaghairi. Mwishowe ulimi ukafungika, akawa hawezi kusomesha hata neno moja. Chakula kikawa hakipiti. Matabibu wakasema ugonjwa umeanzia moyoni, dawa zao hazifiki huko.

Basi akaacha cheo. Akagawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto wake, akaenda zake Damascus. Huko alikuwa akipanda mnara wa msikiti, akijifungia mchana kutwa peke yake. Kisha akaenda Baitul Maqdis, na baadaye Hijja.

Katika miaka hiyo ya kujitenga aliandika Ihya Ulum al-Din, yenye vitabu 40. Humo anatufundisha kwamba funga ina daraja tatu. Ya kwanza ni kulizuia tumbo na matamanio. Ya pili ni kufunga pia macho, masikio, ulimi, mikono na miguu. Ya tatu ni kufunga moyo wenyewe usimsahau Mola wake. Sasa jipime, wewe na mimi tuko daraja gani?

Anatufundisha pia kuishi na nafsi kama mfanyabiashara na mshirika wake. Asubuhi unaipa masharti, maana mtaji wako ni umri na leo umepewa siku nyingine. Mchana unaichunga: kabla ya kusema au kutenda, simama kidogo ujiulize, hili nalifanya kwa ajili ya nani? Jioni mnakaa kufanya hesabu ya faida na hasara. Dukani tunahesabu mpaka shilingi ya mwisho, lakini siku nzima ya umri inapita bila hesabu, yaani tunaona kawaida tu!

Mwaka 1106 Imam alirudi kusomesha, Nishapur. Kazi ilikuwa ile ile, lakini alirudi na nia nyingine. Mwishowe akarejea kwao Tus, akafariki mwaka 1111 (505 Hijria).

Kwa hivyo, kijana mwenzangu, si lazima uache chuo au duka ukapande mnara. Anza usiku huu. Kabla ya kulala zima simu, kaa dakika tano, ufanye hesabu yako ya leo. Na kwenye daku weka masharti ya kesho.

Mwenyezi Mungu azihudhurishe nyoyo zetu, azikubali funga zetu na amrehemu Imam Ghazali. Amin. Ramadhan Karim.