Landseer na Manyoya ya Mbwa

Mwaka huu nilijitia kuchora mbwa wa jirani yetu kwa rangi. Masikio yalitokea sawa, macho pia, lakini manyoya! Nilichora unywele mmoja mmoja tangu saa nane hadi magharibi, na mwishowe yule mbwa akawa nungunungu kabisa. Mdogo wangu akaniuliza kama mnyama huyo huliwa. Mwalimu wetu wa sanaa aliniona nimenuna, akanipa kitabu chenye picha za Edwin Landseer. Basi leo nawasimulia habari zake.

Landseer alizaliwa London, Uingereza, mwaka wa 1802. Baba yake, John, alikuwa fundi wa kuchonga picha kwenye mabamba ya shaba ili zichapwe. Kijana alianza mapema mno. Mwaka wa 1815, akiwa na miaka 13 tu, kazi zake zilitundikwa katika maonyesho ya Royal Academy, chama kikuu cha wasanii wa Uingereza. Sisi tukiwa na miaka 13 tulikuwa wapi? Tulikuwa tukicheza kati, bwana!

Mwalimu wake mmoja, mchoraji Haydon, alimhimiza apasue mizoga ya wanyama ajionee misuli na mifupa. Kazi ya kunuka hiyo, lakini ndipo nilipong'amua kosa langu. Manyoya hulala juu ya mwili. Yanapanda begani, yanashuka mbavuni, yanajikunja shingoni. Mimi nilikuwa nimechora manyoya bila mbwa ndani yake!

Mtazameni Eos, mbwa mweusi mwembamba wa Albert, mumewe Malkia Victoria, aliyechorwa mwaka wa 1841. Manyoya yake ni mafupi, na ukitafuta unywele mmoja mmoja hutaupata. Kuna weusi, halafu mwanga unaoteleza mgongoni, basi, mbwa anang'aa. Dash, kijibwa cha Victoria kilichochorwa mwaka wa 1836, ana manyoya marefu. Hayo unayaona kwa mafungu, yana kivuli chini na mwanga juu, na nywele nyembamba zinajitokeza pembeni tu, kama masikioni.

Lakini picha iliyonishika moyo ni ya mwaka wa 1837. Mchungaji mzee amekufa. Chumbani hamna mtu, ila jeneza na mbwa wake aliyeegemeza kidevu juu yake. Fimbo na kofia ya marehemu viko chini. Wako wanaomlaumu Landseer kwamba aliwapa mbwa huzuni za binadamu. Labda ni kweli, maana picha zake nyingine zinachekesha kupita kiasi. Hii siicheki. Yeyote aliyefiwa nyumbani akaona mbwa anavyolala mlangoni ataielewa.

Sifa zilimjia tele. Kaka yake Thomas alizichonga picha zake zikachapwa, zikaingia hata nyumba za watu wa kawaida. Mwaka wa 1850 Malkia akampa cheo cha Sir. Inasimuliwa kwamba aliweza kuchora kwa mikono yote miwili wakati mmoja, huku kichwa cha farasi, huku cha kulungu.

Kumbe ndani alikuwa akiumia. Mwaka wa 1840 akili yake ilivurugika kwa huzuni nzito, na tangu hapo ugonjwa ukawa unamwacha na kumrudia. Mbona hayo hayaonekani kwenye picha? Mkono uliendelea kufanya kazi. Mwaka wa 1866 alikataa kuwa rais wa Royal Academy. Mwaka wa 1867 simba wake wanne wa shaba waliwekwa Trafalgar Square, na wako pale hadi leo. Ati alipokuwa akiwatengeneza aliletewa mzoga wa simba, ukaoza kabla hajamaliza!

Mwaka wa 1872, kwa ombi la jamaa zake, alitangazwa kuwa hana akili timamu. Alifariki tarehe 1 Oktoba 1873, akazikwa katika kanisa kuu la St Paul's.

Kuna mbwa wakubwa, weupe wenye mabaka meusi, ambao aliwapenda sana kuwachora. Mpaka leo mbwa hao huitwa Landseer. Yule wa jirani yetu ni wa kienyeji tu, rangi ya vumbi, lakini Jumamosi nitamchora tena, na mara hii nitaanzia mbavuni.