Daktari Livingstone, Mwanafunzi wa Wodi za London

Wengi wetu tuna ndugu au jirani ambaye ni daktari kijana katika hospitali za hapa London. Tunamwona akirudi asubuhi macho mekundu, kisha anafungua kitabu. Akimaliza chuo hufanya kazi miaka miwili ya msingi hospitalini, halafu hushindania nafasi ya kuanza mafunzo ya ubingwa. Kwa magonjwa ya ndani, hatua hiyo ya kwanza kwa kawaida ni miaka mitatu. Wiki hii tunamkumbuka daktari aliyepita njia kama hiyo zamani, kabla haijawekewa ngazi.

David Livingstone alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813. Alipokuwa na miaka kumi tu alianza kazi katika kiwanda cha pamba. Mwaka 1836 alianza kusomea utabibu Glasgow, akirudi kiwandani kutafuta karo. Mwaka 1840 alikuwa London. Wakati huo mafunzo ya hospitali yalikuwa kumfuata daktari mkubwa wodini, kutazama na kushika. Livingstone alifanya hivyo katika Hospitali ya Charing Cross, katika zahanati ya Aldersgate na katika hospitali ya macho ya Moorfields.

Novemba mwaka huo alirudi Glasgow kufanya mtihani, akaponea chupuchupu. Alibishana na watahini wake kuhusu stethoskopu, chombo kilichokuwa bado kigeni, na kile kinachoweza kuthibitishwa kwa kukitumia. Hata hivyo walimpa cheti. Kabla mwaka haujaisha alikuwa baharini, safari ya kusini mwa Afrika. Hakuwa na daktari mkubwa wa kumwuliza tena.

Mwaka 1844, huko Mabotsa, simba alimrukia na kuuvunja mfupa wa mkono wake wa kushoto, karibu na bega. Mwenzake Mebalwe alijaribu kumwokoa, naye akang'atwa. Mfupa ule haukuunga sawasawa maisha yake yote.

Alifika Unguja mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho ya bara. Januari 1867 mpagazi mmoja alitoroka na kisanduku cha dawa, kwinini ikiwemo. Kwa daktari aliyeijua homa, hilo lilikuwa kama kuhukumiwa kifo. Aliendelea miaka sita zaidi, akiugua mara kwa mara. Aliyoyaona Nyangwe mwaka 1871, watu wakiuawa sokoni na wafanyabiashara ya watumwa, aliyaandika na kuyapeleka Uingereza. Habari hizo zilisaidia kuleta mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja.

Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliamua kumrudisha kwao. Lakini maiti ingefikaje pwani bila kuoza?

Hapo ndipo alipojitokeza Farijala. Huyu aliwahi kuwa mtumishi wa daktari mmoja Unguja, akaona jinsi maiti inavyochunguzwa. Hakuwa na cheti. Akisaidiwa na Carras, aliupasua mwili, akatoa viungo vya ndani, na humo wakaona donge kubwa la damu. Moyo ulizikwa chini ya mti. Mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani kwa wiki mbili hivi. Kisha wakaubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Njiani baadhi yao walikufa.

Aprili 1874 mwili ulifika London. Daktari wa upasuaji William Fergusson aliukagua, akaukuta mfupa uliovunjwa na simba. Hakukuwa na shaka tena. Tarehe 18 Aprili Livingstone alizikwa Westminster Abbey, na Jacob Wainwright, mmoja wa waliombeba, alikuwepo.

Fergusson asingeweza kuutambua mfupa ule bila kazi ya Farijala. Livingstone alijifunza kwa kusimama kando ya daktari wa London. Farijala alijifunza kwa kusimama kando ya daktari wa Unguja. Mmoja alipewa cheti, mwingine aliitwa mtumishi.

Mkienda Westminster Abbey, litafuteni jiwe la kaburi lake sakafuni. Maandishi yake yanaikumbuka mikono iliyomleta, lakini hayaitaji kwa majina. Basi yatajeni ninyi: Susi, Chuma, Wainwright, Carras, Farijala. Na yule daktari kijana wa nyumbani kwenu akirudi zamu ya usiku, mpeni chai, mwache alale.