Poul la Cour, mwalimu aliyefundisha upepo kutii

Juma hili tunawaletea maisha ya Poul la Cour. Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1846 karibu na Ebeltoft, inchi ya Denmark, katika familia ya walimaji. Alisoma mambo ya hali ya hewa, na mwaka wa 1872 akawa mukubwa wa pili katika ofisi ya serikali ya kazi ile. Tena alivumbua mashini za telegrafu. Lakini mwaka wa 1878 aliacha Copenhagen, akaenda kufundisha vijana wa mashamba kule Askov.

Kule ndiko aliona shida. Miji ilianza kupata umeme, vijiji vikabaki gizani, na vijana walikuwa wanahama kwenda kutafuta kazi ya fabriki. Denmark haikuwa na makaa ya mawe, lakini upepo ulikuwa mwingi. Serikali ikamupa feza, na mwaka wa 1891 akasimamisha kinu cha upepo chenye kuzungusha dinamo.

Sasa, upepo hauna bwana. Saa hii unapiga kwa nguvu, kisha kidogo tu unalala. Sisi wa migodi tunajua: kuran ikipanda na kushuka ovyo, moteri ya pompi inaungua. La Cour akatengeneza chombo alichokiita kratostati: mukanda, magurudumu na uzito wenye kuning'inia, basi. Upepo ukizidi, mukanda unateleza, na dinamo inapata nguvu ileile tu. Hakuna mutu wa kusimama pale kulinda. Mashini inajilinda yenyewe.

Ikabaki swali: upepo ukilala, taa itawaka na nini? Alitumia umeme kupasua maji, akaweka hidrojeni katika tangi. Kuanzia 1895 mpaka 1902, masomo ya Askov yaliwaka taa za gazi ile. Haikuwa kazi ya muchezo: oksijeni ikichanganyika na hidrojeni, inalipuka. Mara nyingi vioo vya madirisha vilivunjika. Wenye kufanya kazi na gazi chini ya udongo wataelewa hatari ile. Mwisho aliacha hidrojeni, akashika batri.

Alipima tena mabawa kwa kuyapulizia upepo ndani ya bomba, akaona kama mabawa machache yenye kwenda mbio yanaleta nguvu kupita mabawa mengi yenye kwenda polepole.

Lakini hakutaka ujuzi ubaki mikononi mwake. Mwaka wa 1903 chama cha umeme wa upepo kikaanzishwa, na mwaka wa 1904 akaanza kufundisha vijana wa vijiji kazi ya umeme. Alikufa tarehe 24 Aprili 1908. Miaka kumi kisha, vituo vya umeme karibu 120 vya Denmark vilikuwa na kinu cha upepo.

Mumoja wa wanafunzi wale, Johannes Juul, ndiye alijenga mashini kubwa ya Gedser mwaka wa 1957, ya kilowati 200. Leo kompyuta ndiyo inapima upepo na kugeuza mabawa kila mara. Akili imeongezeka, lakini kazi ni ileile ya mukanda na uzito wa Askov: kutoa nguvu yenye kutulia katika upepo usiotulia. Na kijana wa kijiji akifundishwa vizuri, anaweza kuiendesha.