Askofu Frank Weston na Maskini

Kila mwaka pamba ikishauzwa sadaka zetu huongezeka, nasi huwakumbuka wajane na wazee kwa nguo na mahindi. Hilo ni jema. Lakini mwezi huu tumeona vema kumtaja Askofu mmoja aliyeona kwamba kugawa nguo hakutoshi: Frank Weston wa Unguja.

Wengi wetu hapa Bariadi hatumjui sana. Kando ya ziwa letu walikuja CMS, waliokuwa na kituo Nasa hata mwaka 1909 walipowaachia AIM. Weston alikuwa mtu wa UMCA ya pwani, tena baada ya mkutano wa Kikuyu wa 1913 aligombana vikali na Maaskofu wa Mombasa na Uganda. Hatudhani alikuwa na haki katika yote aliyowashtaki. Ugomvi huo tunauacha.

Alizaliwa London mwaka 1871. Alisoma Oxford akafaulu sana, angeweza kukaa huko kwa raha, lakini alikwenda kufanya kazi Stratford, mashariki ya London, penye maskini wengi. Mwaka 1898 alikuja Unguja akafundisha vijana Kiungani, na mwaka 1908 akawekwa kuwa Askofu. Mwaka 1911 alianzisha Shirika la masista wenye nadhiri ya umaskini.

Vita vya kwanza vilipofika huku, jeshi la Waingereza lilitaka wapagazi. Sisi Wasukuma tunaijua habari ya mizigo, maana wazee wetu waliibeba. Wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Mwaka 1916 Weston aliunda kikosi cha wapagazi wa Unguja akakiongoza mwenyewe, akitembea nao kwa miguu. Pengine ndipo alipojifunza uzito wa kazi ya kulazimishwa.

Mwaka 1918 aliandika kijitabu juu ya ukatili wa Wajerumani kwa Waafrika, na Waingereza wakafurahi kukisoma. Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1919 Gavana wa Kenya alitoa waraka kwamba maofisa wawahimize machifu kupata watu wa kazi katika mashamba ya walowezi. Neno lilikuwa kuhimiza tu. Lakini chifu akihimizwa na Bwana Shauri, nani asiyejua maana yake? Basi mwaka 1920 Weston alitoa kijitabu cha pili, na safari hii aliwashtaki Waingereza wenzake kwamba wanawafanya Waafrika watumwa kwa njia nyingine. Alikipeleka shauri hilo Uingereza alipokwenda kwenye mkutano wa Maaskofu wa Lambeth. Hakuwa peke yake, wengine walisema pia. Mwaka 1921 Waziri wa Makoloni, Winston Churchill, aliagiza maofisa wasiwatafutie tena watu binafsi wafanyakazi.

Tunajiuliza ni wangapi kati yetu wangefanya hivyo. Kumpa kibarua shati kuukuu siku ya Krismasi ni rahisi. Kumwambia jirani yetu, tena mzee wa kanisa, kwamba hajamlipa kibarua aliyemvunia pamba, hilo ni gumu.

Mwaka 1923 aliongoza mkutano mkubwa wa Waanglikana katika ukumbi wa Albert, London. Wengi waliokuwamo walikuwa wakishindana na Maaskofu wao ili waruhusiwe kuweka tabenakulo makanisani. Weston alikuwa upande wao. Hata hivyo aliwaambia kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu katika tabenakulo kama hawamhurumii katika vibanda vya maskini. Watoke wakamtafute kwa walio uchi na wanaodhulumiwa, wajifunge taulo wawaoshe miguu.

Akarudi kwake. Tarehe 2 Novemba 1924, Jumapili, alifariki Hegongo, Magila, akiwa na umri wa miaka 53. Masista wake waliendelea kuuguza wagonjwa.