Robert Goddard na roketi iliyoruka sekunde mbili na nusu

Anayetaka kujenga nakala ya roketi ya kwanza duniani kuruka kwa mafuta ya kimiminika hukwama mapema: roketi yenyewe haipo. Mtengenezaji wake, Mmarekani Robert Goddard, alitumia baadhi ya vipande vyake katika roketi iliyofuata. Leo tunamwangalia mtu huyo na kumbukumbu alizoacha.

Goddard alizaliwa Oktoba 5, 1882, mjini Worcester, jimbo la Massachusetts. Akiwa na miaka 17 alipanda mti kukata matawi, na huko juu likamjia wazo la chombo cha kufika sayari ya Mars. Siku hiyo, Oktoba 19, aliikumbuka kila mwaka.

Baadaye alifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Clark. Mwaka 1920, ilipojulikana kwamba ameandika kuhusu roketi ya kufika mwezini, gazeti la New York Times lilimkejeli, likidai roketi haiwezi kujisukuma pasipo na hewa. Gazeti ndilo lililokosea, na lilijisahihisha Julai 1969, wanaanga wa Apollo 11 wakiwa njiani kwenda mwezini. Goddard hakuwa hai tena kuyasoma hayo. Kejeli zile zilikuwa zimemfanya msiri.

Machi 16, 1926, katika shamba la jamaa yake huko Auburn, alisimamisha roketi ya mabomba membamba yenye urefu wa mita 3 hivi, injini ikiwa juu na matangi ya petroli na oksijeni ya kimiminika yakiwa chini. Fundi wake aliiwasha kwa moto uliofungwa kwenye ncha ya mti mrefu. Iliruka kwa sekunde 2.5, ikapanda mita 12 na kuanguka umbali wa mita 56. Mkewe, Esther, alikuwa na kamera, lakini kamera iliacha kurekodi kabla roketi haijapaa.

Mwaka 1930 alihamia Roswell, New Mexico, ambako roketi zake zilipita mita 2,000. Lakini alifanya kazi na mafundi wachache na hakupenda kushirikiana na wengine. Wajerumani, waliofanya kazi kwa makundi makubwa, walimpita: mwaka 1942 roketi yao ya V-2 ilipanda zaidi ya kilomita 80.

Alifariki Agosti 10, 1945. Esther alipanga maandishi yake na kufuatilia hataza, zikafika 214. Maandishi hayo na picha za zamani ndivyo vinavyowaongoza wanaojenga nakala, wakikunja mabomba na kuunga matangi kwa mkono.

Kituo cha NASA chenye jina la Goddard ndicho kilichosimamia setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya.